Kadi ya Mchango

Mama alimeza kidonge saa nane ya usiku,
tumbo tupu,
kwa sababu simu ilimwandikia 2:00
na nesi alikuwa amesema saa mbili.
Nilimkuta kitandani, glasi mkononi,
ananiuliza siku hizi hospitali imekosa nini
hata huruma ya kumwacha mtu alale.

Wiki ile nikaandika mistari mia nne na kumi na moja.
Saa ya dunia iingie huku, saa yetu itokee kule.
Ondoa sita, ongeza sita, na alfajiri uiangalie kwa jicho la pili,
maana alfajiri ina ubishi:
usiku wetu tayari ni wa kuamkia kesho
wakati kalenda yao bado inakokota leo.
Nikaiita Majira.
Nikaiacha mlango wazi: chukua, tumia, rekebisha, gawa.
Bei sikuweka.

Wakachukua.
Zahanati ya Kigogo, wakata tiketi za mabasi kule Mbezi,
mtu wa Songea mwenye mashine ya kusaga
ambaye hadi leo sijui anaitumiaje,
na benki moja ya vioo vitupu, Posta,
yenye lifti inayosema karibu.
Nawajua kwa sababu ikikwama wananiandikia.
Ikienda, kimya.
Nani aliwahi kuishukuru bawaba
mlango ukifunguka?

Miaka sita sasa.
Mchana nafunga hesabu za duka la vipuri, Gerezani.
Usiku nalea mtoto huyu asiye na baba wala bima.

Jumatatu benki wameandika:
Mfumo wenu una hitilafu. Tunaomba mrekebishe HARAKA.
Wenu. Mrekebishe.
Nikageuka kuwatafuta hao wenzangu.
Nilikuwepo mimi, feni, na mita ya LUKU
ikilia kama kifaranga: uniti moja nukta mbili.

Ndipo Sikudhani akabisha hodi na daftari lake,
katibu wa kamati ya harusi.
"Ahadi yako elfu hamsini, mwenyekiti ananisumbua."
Bwana harusi mwenyewe nimemwona mara mbili,
moja akiwa amesinzia.
Nikahesabu noti. Akatia tiki.
Akaitazama kompyuta, akanitazama macho.
"Na ya kwako kadi iko wapi?"
Kadi ya nini?
"Ya hicho kinachokukesha. Mtu atachangaje
shughuli asiyojua kama ipo?"

Nikacheka. Alipoondoka, nikaandika:

Familia ya Majira, ya Tabata Kimanga,
inayo heshima kukujulisha Bw./Bi./Dkt. ..............
kwamba saa unayoisoma kuna mtu anaigeuza.
Ili kufanikisha shughuli hii
unaombwa mchango wako wa hali na mali:
umeme, bando,
na mtu wa pili, ili wa kwanza alale.

Simu ikaita kabla sijanawa uso.
Elfu mbili, kutoka kwa Halfani, mkata tiketi:
"Pole na kazi dada. Ya soda, au ya umeme, utaamua."
Daktari wa Kigogo, elfu thelathini, na ahadi ya kila mwezi.
Mwanafunzi mmoja wa Mbeya, Tumsifu:
"Hela sina. Nimesahihisha alfajiri, mstari wa themanini na nane.
Angalia kama nimeelewa."
Alikuwa ameelewa.
Nilikaa nikiusoma mstari ule mmoja
kama mtu aliyeletewa maji ya kuoga
bila kuomba.

Benki nao wakajibu.
Kadi imepokelewa. Itawasilishwa kwenye kikao cha bajeti,
robo ijayo. Hata hivyo, kuhusu ile hitilafu,
tutarajie lini?

Mita ilikuwa imeacha kulia. Nje mbwa wa jirani
anabweka kivivu, kama anayelipwa kwa siku.
Nikawaandikia kwa adabu zote nilizofundishwa:

Fundi amelala.
Ataamka saa mbili.
Tafadhali hakikisheni mnajua ni ipi.